Mgongo Hautumwi Dukani

Mwanamume mwenye koti la kijivu anaingia dukani bila salamu, anakwenda moja kwa moja kwenye godoro la kwanza na kulitandika ngumi. Anasubiri kidogo, kama mtu aliyebisha hodi. Kisha anahamia la pili, nalo linapata lake.

"Karibu sana, baba," anasema mwanamke aliyekaa kwenye cherehani kule nyuma. "Hayo magodoro yamekukosea nini?"

Mwanamume hacheki. Anataka gumu kuliko yote yaliyomo humu ndani. Mkewe anaumwa mgongo, anasema, na kila mtu anajua kwamba dawa ya mgongo ni kulala pagumu.

"Pole yake jamani. Yuko wapi mama mwenyewe?"

"Yuko nyumbani. Si nimekuambia anaumwa?"

"Basi huyo ndiye ninayemtaka."

"Mimi ndiye mume wake!" Sauti imeanza kupanda. "Mimi na yeye ni mwili mmoja."

"Mwili mmoja, sawa," mwanamke anakubali, mguu bado uko kwenye pedali. "Mbona wewe huumwi?"

Barazani, nje ya mlango, mafundi plasta wanaosubiri kazi wanapasuka kwa kicheko. Mwenye koti anatoka kama alivyoingia, bila kwaheri, na biashara ya asubuhi imekwenda naye. Mwanamke anakata uzi kwa meno.

"Atarudi," anasema. "Akirudi na mgongo wenyewe, nitamuuzia hata leo leo. Mgongo hautumwi dukani."

Mtaani hapa hakuna anayemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Ni Mama Lala, kifupi cha Mama Lala-Kwanza, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Godoro hili bei gani? Lala kwanza. Lina dhamana? Lala kwanza. Mwandishi wa makala haya alifika na maswali yake yamepangwa vizuri, akajikuta amevuliwa viatu na kunyooshwa chali mbele ya watu asiowajua, akitazama dari. Maswali yalisubiri.

Usicheke, msomaji. Jaribu wewe siku moja kujilaza dukani mchana kweupe, wapita njia wakichungulia, uone kama hutakumbuka ghafla kwamba una haraka.

Duka lenyewe ni chumba kirefu na chembamba chenye taa ya mrija inayokonyeza muda mrefu kabla haijawaka. Magodoro mengi yamesimamishwa ukutani ndani ya nailoni. Matatu tu ndiyo yamelazwa vitandani na kutandikwa shuka: gumu, laini na la katikati. Mbele ya vitanda hivyo kuna pazia la maua linaloteleza juu ya waya. Alilishona mwenyewe.

"Mtu mzima na heshima zake, amevaa tai, anaogopa kulala," anasema. "Anakaa ukingoni tako moja, ananiambia, 'Aa, hili zuri.' Zuri kwa nani? Kwa tako moja? Ndiyo nikaweka pazia. Mwenye aibu afunge, asiye na aibu aache."

Mwenye duka hakulipenda jambo hili mwanzoni. "Nilimwambia, mama, sisi tunauza magodoro, hatukodishi vitanda," anakumbuka kwa simu, akicheka. "Akaniuliza kama viatu nilivyovaa nilivinunua bila kuvijaribu. Siku hizi anayelala haraka haraka namrudisha mwenyewe."

Kwanza aliajiriwa humu kushona mifuko ya magodoro, na bado anaishona. Kuuza alikuja kufundishwa na kazi yenyewe: wateja walimkuta yeye peke yake, wakamuuliza, akajibu. Wiki nzuri anauza magodoro matano. Wiki mbaya anashona tu. Mshahara wake wa mwezi unatosha kununua godoro moja la katikati, na nauli ikabaki.

Alichokijua kuhusu migongo hakukiokota. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya jirani alikuja siku moja kujinunulia godoro, akavua viatu bila kuombwa na kulala karibu robo saa, akigeuka huku na huku. Mshonaji akaacha cherehani yake akaenda kumuuliza anafanya nini. Tangu siku hiyo wawili hao ni marafiki, na mtaalamu hupitia dukani akitoka kazini.

"Hakuna godoro linalotibu mgongo," mtaalamu huyo alimwambia mwandishi, akitaka liandikwe hivyo hivyo. "Lipo linaloupumzisha na lipo linaloutesa. Watu wanaambiwa gumu ndiyo dawa. Gumu kupita kiasi linakuacha ukining'inia kiunoni. Laini kupita kiasi, nyonga zinazama, mgongo unapinda. Wengi linawafaa la katikati, lakini wengi siyo wote. Ndiyo maana lazima alale mwenyewe."

Mama Lala anaonyesha kwa vitendo. Unalala chali. Anakuambia upitishe kiganja chako chini ya kiuno. Kikipita kama mtu anayepita mlangoni, godoro ni gumu mno kwako. Kisipopita kabisa, umezama. Kikipita kwa kubanwa kidogo, hapo tuzungumze. Kisha unageuka ubavu, na bega lipate pa kukaa. Kisha unakaa kimya.

"Kimya ndiyo kazi," anasema. "Dakika moja hata jiwe ni zuri."

Na kuna anaowakatalia kabisa. Mtu akimwambia mguu unakufa ganzi, au unalegea akitembea, hamlazi. Anamwelekeza hospitali. "Mimi nauza godoro, siuzi dawa. Akitibiwa, tutaonana."

Lakini upo mgongo mmoja ambao Mama Lala ameshindwa kuulaza. Mtaa mzima unaujua, na maneno ya mtaa hayana huruma. "Mganga hajigangi," wanasema akipita, na yeye anawaitikia, "Hajigangi, ndiyo, lakini hajafa."

Mgongo huo ni wa mume wake.

Anaishi naye katika vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, watoto wakiwa wamekwisha kuolewa na kuoa. Tulipofika jioni, mumewe alikuwa amelala sakafuni sebuleni, juu ya mkeka na makatoni ya vigae yaliyofunguliwa.

"Karibu mgeni, karibu," alisema bila kuinua kichwa. "Samahani sisimami. Nikianza kusimama saa hizi, mpaka nimalize chai itakuwa imepoa."

Ni fundi plasta. Wenzake walimpa jina la Winchi, kwa sababu alikuwa akipandisha ghorofani mifuko miwili ya saruji kwa mpigo, huku akipiga mluzi. Kwa zaidi ya miaka ishirini alipiga plasta kuta na dari za watu, mikono juu, kiuno kimepinda. Halafu siku moja aliinama kuokota mwiko wake, akabaki pale pale.

"Saruji haikuniweza," alisema. "Kilichoniangusha ni mwiko. Hata kusimulia naona aibu."

Msimamizi mmoja wa kazi ndiye aliyempa dawa: alale chini, pagumu, mgongo utanyooka wenyewe. Akalala chini. Huu unakwenda mwaka wa pili. Mgongo haujanyooka, na kazi anapata za siku moja moja, kuta fupi, akiwa amekaa kwenye ndoo.

"Hujawahi kujaribu godoro?" mwandishi akauliza.

Winchi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mwulize huyu alivyoniletea."

Mama Lala akajifunika uso kwa kiganja. "Haya, sema. Najua una hamu ya kusimulia."

"Alikuja nalo mwenyewe, kwenye mkokoteni, bila kuniuliza," Winchi akaanza, na ilikuwa wazi hadithi hii inamfurahisha kuliko kitu kingine chochote kilichompata mwaka ule. "Eti mgongo wangu anaujua yeye kuliko mimi. Nene, laini, unazama kama mkate kwenye chai. Nikitaka kugeuka, lazima niite watu. Siku ya pili asubuhi nilitolewa mle kwa kuvutwa miguu."

"Nilimchagulia kwa huruma," mkewe alisema. "Nilidhani anayeumwa anataka kulainishiwa. Huruma haijui mgongo wa mtu. Na chaga za kitanda nazo zilikuwa zimepasuka mbili, pale pale katikati. Chaga ambazo fundi wetu huyu aliahidi kuzitengeneza tangu tulipokihamishia kitanda humu."

"Mganga hajigangi," Winchi akasema.

"Basi humu ndani tuko waganga wawili."

Wakacheka wote, na kicheko kikamkamata Winchi kiunoni akasita katikati, akafumba macho. Mkewe alimwekea mto chini ya magoti bila kuambiwa.

Hapo ndipo ilipotoka ile kanuni ya dukani. Haikutoka hospitali. Godoro lile laini lilirudishwa kwa mkokoteni ule ule, na Mama Lala hajamchagulia mtu godoro tena tangu siku hiyo, awe tajiri, awe mgonjwa, awe na haraka ya namna gani.

Hasara kubwa ni nyingine. Winchi aliapa kwamba habari za magodoro zimekwisha. Alirudi sakafuni, na wiki mbili kabla ya ziara yetu mama yake alimpigia simu akimwita kwao, mbali, akapumzike hadi apone. Alikuwa amekubali. Safari ilikuwa Jumapili, na siku hiyo tuliyokaa sebuleni ilikuwa Ijumaa.

"Huko kuna nafasi," alisema akitazama dari. "Kuna hewa. Wadogo zangu wapo. Hapa namchosha mtu."

"Nani amekuambia nimechoka?" Mama Lala aliuliza.

"Naona."

"Huoni kitu. Mwanamume akienda kwao kungoja kupona, anangoja mpaka wajukuu wanamsahau. Nimewaona. Dukani kuna vitanda vitatu vimetandikwa. Njoo ulale na mgongo wako mwenyewe, uchague mwenyewe, ukikataa yote matatu nakukatia tiketi kwa mkono wangu."

"Siendi pale."

"Kwa nini?"

Winchi akaeleza. Baraza la duka lile ndipo mafundi plasta wote wa mtaa wanapokaa kusubiri kazi, na yeye mwenyewe alikaa hapo miaka na miaka. Akilala, hawezi kuinuka ila kwa kugeuka kifudifudi, kupiga magoti, kutambaa hadi kwenye kiti na kukipanda kama mtoto anayejifunza kusimama.

"Wale waliniita Winchi," alisema. "Leo wanione natambaa?"

"Na hapa nyumbani ukitambaa nani anakuona?"

"Wewe."

"Na mimi si mtu?"

Mwandishi alitazama kikombe chake. Kuna maneno ambayo mgeni hapaswi kuyasikia, lakini Mama Lala alikuwa amekwisha kuamua kuyasema, mgeni awepo asiwepo.

"Nisikilize, baba watoto," alisema. "Kukuhudumia sijachoka. Nimechoka kulala peke yangu kwenye kitanda cha watu wawili, mume wangu yuko hapa hapa, nakusikia ukijigeuza unaguna, na mimi mjini kote ndiye mlaza watu. Nataka urudi. Nakutaka wewe, na mgongo wako huo huo mbovu. Ukitaka kwenda kwenu, nenda, mama ni mama. Lakini usiniage kabla hujajaribu. Kesho duka liko wazi. Sitakubembeleza tena."

Winchi aliinua mkono kuelekea dari, kama aliyeshika mwiko.

"Plasta ya dari hii mbaya sana," alisema hatimaye. "Nani aliipiga?"

Mwandishi akaaga.

Jumamosi asubuhi. Mama Lala amefungua duka, amefagia, amekung'uta shuka. Macho yamevimba kidogo na hataki kuulizwa. "Tufanye kazi," anasema.

Mteja wa kwanza ni yule mwenye koti la kijivu, safari hii amemshika mkewe kiwiko. Mke ni mwembamba, mpole wa sauti, anatembea kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Mama Lala hamkumbushi mumewe chochote. Anamkaribisha mama, anamvua viatu, anavuta pazia.

Anaanza na lile gumu, kwa kuwa ndilo lililoombwa. Kiganja kinapita chini ya kiuno bila kugusa kitu. Laini linamzamisha nyonga. Kwenye la katikati, mto ukiwa katikati ya magoti, anakaa kimya kwa muda, halafu anashusha pumzi ndefu kiasi kwamba mumewe anashtuka upande wa pili wa pazia.

"Vipi? Vipi huko?"

"Niache kwanza," mkewe anamjibu. "Usinisemeshe."

"Mimi nilidhani lile gumu..."

"Ngumi ulipiga wewe. Mgongo wangu ungesikia nini?"

Mama Lala anacheka hadi anashika ukuta. Na ni katikati ya kicheko hicho ndipo barazani panaponyamaza ghafla. Mafundi wamekuwa wakibishana tangu asubuhi kuhusu mpira. Mama Lala anafungua pazia na kugeukia mlangoni.

Winchi anakuja. Ameshika ukuta wa jengo la jirani kwa mkono mmoja na kwa mwingine mpini wa ufagio. Amevaa shati lililopigwa pasi. Anapiga hatua, anapumzika, anapiga nyingine, na jasho limemshuka hadi kwenye kola. Anapowafikia wenzake anasimama na kuwatazama mmoja mmoja.

"Mnashangaa nini?" anasema. "Hamjaona fundi anakwenda kununua godoro?"

Hakuna anayecheka. Mkubwa wao, mzee wa kofia ya plastiki iliyopauka, anasogeza ndoo yake kumpisha. "Pita, Winchi," anasema. "Pita, ndugu yangu."

Mama Lala hamkimbilii. Mikono ameificha chini ya khanga, lakini sauti ni ile ile anayowapa wateja wote. "Karibu, baba. Unalala ubavu au chali?"

"Vyovyote." Halafu, kwa kuwa Winchi ni Winchi, ananyoosha kidole. "Nianzie lile gumu."

Lile gumu linamkubali kwa dakika chache tu. Kiganja kinapita. Anageuka ubavu, bega linagoma, anauma meno. Kushuka kwenda kitanda cha pili ni kazi, na mkewe anataka kuvuta pazia ili barazani wasione.

"Acha," Winchi anasema. "Wameshaniona."

Laini halimalizi hata dakika. "Hili nalijua," anasema. "Hili ni adui yangu wa zamani. Nitoe."

Linabaki la katikati. Mama mwembamba ameinuka kumpisha na ameketi kando na mumewe, wote wawili wakitazama kana kwamba ni mgongo wa ndugu yao. Mama Lala anamlaza mumewe ubavu, anamwekea mto katikati ya magoti na mwingine mdogo chini ya shingo. Anampitishia kiganja kiunoni yeye mwenyewe. Kinabanwa kidogo.

"Unasikiaje?"

Hajibu.

"Baba watoto. Sema kitu. Unasikiaje?"

Hajibu, na Mama Lala anainama kumtazama usoni. Kisha unasikika mkoromo. Mwembamba kwanza, halafu wa uhakika, mkoromo wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu mwaka juzi.

Mama Lala anakaa chini sakafuni, hapo hapo, mgongo kwenye ukingo wa kitanda, na analia. Analia bila kujificha, akijifuta kwa ncha ya khanga, huku mkono mmoja akiupunga kuwaonya watu wasiseme kwa sauti. Mwenye duka anayeingia wakati huo na rundo la nailoni anafungua kinywa, anaona mambo yalivyo, anatoka kwa ncha za vidole.

Asubuhi yote iliyobaki duka linaendeshwa kwa minong'ono. Wateja wanaingia, wanaonyeshwa aliyelala, wananyata. Mwenye koti analipia godoro la mkewe kwa kunong'ona. Hata mpira barazani unabishaniwa kwa sauti ya msibani.

Mzee wa kofia ya plastiki anachungulia mlangoni. "Shemeji," anaita taratibu. "Nina swali. Mtu ambaye naye analala chini, kwenye katoni... anatakiwa aje lini?"

"Ni wewe?"

"Ni mimi." Anageuza kidevu kuelekea barazani. "Na si mimi peke yangu."

Mafundi wengine ghafla wanajishughulisha na miiko yao. Yule msimamizi wa kazi aliwatibu wengi.

Jua likiwa karibu utosini Winchi anaamka. Anatazama dari ya duka, anatazama watu, anakumbuka alipo. Anataka kugeuka kifudifudi kama alivyozoea, ajishushe magotini.

"Hapana," mkewe anasema. "Kaa ubavu. Teremsha miguu kwanza. Sasa sukuma kwa mkono. Mimi sikushiki."

Haikuwa rahisi, na gazeti hili halitadanganya. Alisukuma, akakwama njiani, akaguna, mishipa ya shingo ikamtoka. Mke wake alisimama mbele yake mikono nyuma, akiwa amejikataza kumgusa. Maumivu hayakwenda popote. Mtaalamu wa viungo ameshasema mazoezi yatachukua miezi, na godoro si muujiza. Lakini alikaa, na baada ya kukaa akasimama, na hakutambaa.

Barazani mtu mmoja alipiga makofi, akanyamazishwa na wenzake.

Winchi aliligeukia godoro na kulitazama kwa jicho la fundi. "Upana wake?"

"Futi tano."

"Nilikuwa katikati peke yangu. Hiyo si hesabu. Panda na wewe, nione kama tunaenea."

Na hapo Mama Lala, aliyewavua viatu walimu, wachungaji na wakwe wa watu, akaona haya. Alitazama mlango. Alitazama pazia. "Mbele ya watu wote hawa?"

"Wewe ndiye unayesema mgongo hautumwi," mumewe alijibu, na alikwisha kuanza kujilaza tena, ubavu kwanza, taratibu. "Au mgongo wako una cheo?"

Mama Lala akavua ndala zake. Akapanda upande wa pili, akanyooka, akaweka mikono tumboni kama mtu anayepigwa picha. Barazani mzee wa kofia alisema neno moja, na mafundi wote wakageuka wakatazama barabara. Mwandishi naye akageuka.

Godoro litakatwa kwenye mshahara wake kidogo kidogo. Mwenye duka amekubali. Mafundi wawili wamejitolea kulibeba, na wa tatu amekwenda ghala la mbao kutafuta chaga mpya, kwa sharti kwamba Winchi asiguse msumari. Mama Lala anakunja shuka huku akipanga wiki ijayo. Anataka Jumatatu asubuhi, kabla wateja hawajaja, awe anawaingiza wale wa barazani mmoja mmoja, na mtaalamu wa viungo awepo awaonyeshe namna ya kuinama.

"Wote?" mwandishi anamuuliza.

"Wote. Watabisha, watanicheka, watalala. Bandu bandu huisha gogo."

Simu ya Winchi inaita. Ni mama yake, anauliza basi la kesho linafika saa ngapi ili wadogo zake waje kumpokea. Winchi amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, akitazama godoro likipandishwa vichwani mwa wenzake. Anawapigia kelele walishike katikati, lisipinde. Kisha anairudisha simu sikioni.

"Mama, shikamoo," anasema. "Kukusalimia nitakuja, tena nitakuja na mke wangu. Kulala nalala kwangu."